Kompyuta Yako na Karatasi za Nyumba

Mpwa wangu,

Ujumbe wako nimeusoma, na picha ya kioo cha kompyuta uliyonitumia nimeitazama vizuri. Unaniuliza ununue programu gani ya kuisafisha, kwa kuwa imekuwa nzito, na kila asubuhi kuna dirisha linalochomoza kukwambia kuwa mashine ina makosa zaidi ya elfu moja. Fundi wa pale sokoni naye amekwambia dawa ni kuifomati yote. Nakuomba usinunue kitu, wala usiipeleke kwa fundi wiki hii. Kaa chini unisikilize, maana wewe ndiye uliyebaki na mambo ya nyumba hapo Muyinga, na ndani ya kompyuta hiyo mna mambo yetu sote.

Kabla ya kusafisha, nakili. Kazi ya kila programu ya kusafisha ni kufuta, na kufomati ni kufuta kila kitu kwa mara moja. Najua ulitaka nianze na jina la programu. Majina yatakuja, lakini hayana uzito mbele ya jambo hili.

Ulikuwa mdogo mno kukumbuka watu waliporudi kutoka kambi ya Lukole. Baada ya vita kuanza mwaka 1993 wengi wa Muyinga walivuka mpaka wa Burundi wakaingia Ngara, Tanzania, wakaishi katika kambi ile hadi ilipofungwa mwaka 2008. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto na sufuria. Karatasi zilibaki ndani ya nyumba, na nyumba nyingine ziliungua. Aliporudi alikuta shamba lina mtu anayelilima, na mbele ya Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, iliyoundwa mwaka 2006, aliulizwa ushahidi. Wenye bahati walikuwa na majirani wa kuwatolea kauli. Wengine majirani wao walikuwa wamekufa, na kilichobaki ni mzee kunyoosha kidole kuelekea mlimani akisema mpaka ulikuwa pale, kwenye mti ambao haupo tena. Nimewaona wazee hao kwa macho yangu, na ndiyo maana sitaki hata siku moja kusikia kwamba hati ya shamba la bibi yako imepotea kwa sababu mtu alitaka kompyuta iwake haraka.

Wewe leo una picha ya hati hiyo, una diploma yako, vyeti vya kuzaliwa vya wadogo zako, risiti za karo na picha za arusi ya mama yako. Vyote vimo katika diski moja isiyozidi ukubwa wa kiganja, ndani ya kompyuta iliyokwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kukufikia. Diski hufa. Huweza kufa bila kuugua, na siku ya kufa haichagui.

Kwa hiyo tengeneza nakala mbili zikae mahali pawili tofauti, mbali na kompyuta yenyewe. Ya kwanza iweke kwenye diski ya nje unayoichomeka siku ya kunakili tu, kisha unaichomoa na kuifungia kabatini. Kuichomoa ni sehemu ya ulinzi, kwa sababu kuna virusi vinavyofunga mafaili kwa ufunguo wa siri na kudai fidia, na vikishaingia hufunga pia kila diski vinayoikuta imechomekwa. Ya pili iletwe kwangu hapa Gitega. Hati chache zilizo muhimu kuliko zote unaweza kuzipandisha pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google hutoa gigabaiti 15 bure, na hati za kurasa mbili tatu hazitakula bando lako. Picha za arusi zisubiri diski.

Karatasi hizi zina majina yetu na tarehe zetu za kuzaliwa, kwa hiyo zifunge kabla hujampa mtu yeyote azibebe. Kuna programu ya bure inaitwa 7-Zip. Inakunja folda nzima kuwa faili moja na kuifunga kwa nenosiri. Chagua muundo wa 7z na uweke alama mahali panaposema majina ya mafaili nayo yafichwe. Nenosiri liandike kwenye daftari la mama yako, lile analoweka hesabu za nyumba, wala usiliandike kwenye kompyuta. Ukimaliza, chomeka diski kwenye mashine ya mtu mwingine unayemwamini ujaribu kufungua mafaili kadhaa. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa usiihesabu kuwa nakala.

Kuhusu flashi, hizo ni za kubebea tu, usizifanye ghala. Uwe mwangalifu hasa na zile zinazoletwa na wachuuzi zikiwa zimeandikwa gigabaiti 512 au hata terabaiti mbili kwa bei ya sahani ya chakula. Nyingi zimechezewa ndani ili ziitangazie kompyuta ukubwa zisiokuwa nao. Unaweka mafaili, yanaonekana yote kwa majina, na ukiyafungua baadaye yale yaliyopita ukubwa wa kweli ni matupu. Ipo programu ndogo ya Wajerumani inayoitwa H2testw. Huijaza flashi kwa data ya majaribio, kisha huisoma tena na kukwambia ukweli. Inachukua saa nyingi, lakini kwa flashi mpya inafaa ufanye hivyo kabla hujaiwekea kitu chochote cha maana.

Sasa tuje kwenye dirisha lako la makosa elfu moja.

Hiyo si kompyuta yako inayosema nawe. Mara nyingi ni programu iliyoingia nyuma ya programu nyingine uliyoipakua, na inakuhesabia makosa ili ikuuzie dawa. Biashara hii ni ya zamani na imefikishwa mpaka mbele ya sheria. Machi 2019 kampuni mbili za Marekani, Office Depot na Support.com, zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 baada ya tume ya biashara ya serikali kuzishtaki kuhusu programu yao ya kupima afya ya kompyuta. Kwa mujibu wa mashtaka hayo, mwanzoni mteja aliulizwa maswali manne, kama vile mashine ni nzito au la. Akiweka alama kwenye swali lolote, programu iliripoti dalili za virusi, na upimaji wenyewe haukuwa na uhusiano wowote na jibu. Kisha aliuziwa matengenezo ya mamia ya dola.

Mengi ya hayo yanayoitwa makosa ni mistari ya rejista, daftari ambamo Windows huandika mipangilio yake. Mstari uliobaki baada ya programu kuondolewa hauilemei mashine hata kidogo. Microsoft wenyewe wameandika waziwazi kwamba hawaungi mkono programu za kusafisha rejista, kwa kuwa zikifuta pasipofaa Windows inaweza kugoma kuwaka, na hapo huenda ukalazimika kuiweka upya.

Hata programu zenye jina jema zina hatari yake. CCleaner unaijua, mafundi wengi huku kwetu wameiweka kwenye mashine za watu kwa miaka. Kati ya tarehe 15 Agosti na 12 Septemba 2017, toleo lake la 5.33 lilitolewa kwenye tovuti halali ya wenyewe likiwa limekwisha kutiwa mlango wa siri na wadukuzi. Kompyuta zipatazo milioni 2.27 zililipokea. Watu wale hawakupakua kwa wezi wala hawakubofya tangazo la ovyo. Walikwenda kwa mwenye mali, wakachukua mali yake, na ndani yake mlikuwa na sumu. Kampuni ya Avast, iliyokuwa imeinunua CCleaner mwezi Julai mwaka huohuo, Februari 2024 iliamriwa na tume ileile ya Marekani kulipa dola milioni 16.5 kwa sababu habari za tovuti walizotembelea watumiaji wa programu zake za ulinzi zilikuwa zikiuzwa.

Programu ya kusafisha ni kama mtu wa kazi uliyempa funguo za vyumba vyote na ruhusa ya kutupa chochote anachokiona ni takataka. Nyumba yako haihitaji watu wa namna hiyo watano. Sisemi programu hizo zote ni mbaya. Nasema uulize kwanza kazi inayotakiwa ni ipi, na kama ndani ya mashine hakuna kifaa kinachoifanya kazi hiyo tayari. Mara nyingi kipo.

Fanya hivi. Fungua orodha ya programu, uzipange kwa tarehe ya kuwekwa, utafute zile zilizoingia siku dirisha lilipoanza kuchomoza. Ondoa usizozijua. Ukiona dirisha linatokea pembeni ya kioo kivinjari kikiwa wazi, huenda hata si programu: ni tovuti uliyoiruhusu kukutumia arifa kwa kubofya ndiyo bila kusoma. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, upande wa arifa, uifute ruhusa hiyo. Baada ya hapo fungua Microsoft Defender, ambayo imekuwa antivirusi kamili ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012, uiambie ifanye ukaguzi ule wa nje ya Windows. Mashine itajizima na kujichunguza kabla Windows haijawaka, wakati virusi bado havijapata pa kujificha. Ipe robo saa hivi, chaja ikiwa imechomekwa.

Usiweke antivirusi ya pili juu ya hiyo. Ukiiweka, Defender kwa kawaida hujizima ili kuipisha, na antivirusi mbili zikilazimishwa kufanya kazi pamoja hugombana na kuilemea mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti nne.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji maneno mengi. Bofya diski C kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua sifa zake, utaona kitufe cha kusafisha diski. Weka alama kwenye mafaili ya muda, mabaki ya masasisho na kikapu cha taka. Soma kila mstari kabla ya kukubali, kwa maana katika baadhi ya matoleo ya Windows 10 orodha hiyo ina pia folda ya vitu ulivyopakua, na wewe najua hati nyingi umeziacha humohumo tangu ulipotumiwa kwa barua pepe. Kisha, kwa kibodi yako ya Kifaransa, bonyeza Ctrl, Maj na Échap kwa pamoja. Itafunguka orodha ya kazi za mashine, na ndani yake pana ukurasa wa programu zinazojiwasha kila unapowasha kompyuta. Zima zile zisizo na haja ya kukungoja asubuhi. Huo ndio usafi utakaouona kwa macho.

Kama baada ya hayo bado ni nzito, sababu huenda iko kwenye chuma. Kompyuta kuukuu nyingi zinazotufikia kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kobero, au mikononi mwa ndugu wanaotoka Ulaya, zina diski ya kuzunguka. Kuibadilisha kwa diski ya SSD, hata ndogo ya gigabaiti 240, kutaipa mashine kasi ambayo hakuna programu ya kuisafisha inayoweza kuifikia. Fedha uliyotaka kununulia programu iweke akiba kwa ajili hiyo. Na usiweke programu ya kupanga upya vipande vya mafaili kwenye SSD; Windows inaijua tofauti ya diski hizo mbili na kila moja inaihudumia inavyostahili, bila wewe kuiomba.

Kwenye flashi nitasema zaidi, kwa sababu huko ndiko maradhi mengi ya Gitega na Muyinga yanakopitia. Unakwenda kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi karibu na ofisi ya komini, una barua moja tu. Mashine ya pale tangu asubuhi imepokea flashi za mji mzima: za wanafunzi, za makarani, za wachungaji na za masheikh. Mwenye duka hana nafasi ya kuikagua kila moja, foleni iko mlangoni. Unarudi nyumbani, unafungua flashi, folda zako zimegeuka kuwa vialama vyenye mshale mdogo uliopinda, kila kimoja kina kilobaiti moja au mbili. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, na papo hapo virusi vinaingia kwenye kompyuta yako bila sauti.

Watu wengi wakiona hivyo huamini vitu vyao vimefutwa. Wanamlipa fundi aifomati flashi, na hapo ndipo vinapofutwa kweli. Kumbe vilikuwapo wakati wote. Virusi vya aina hiyo huvificha vitu vyako tu na kuweka vialama vya uongo mahali pake. Kwa hiyo usibofye kitu. Kwanza iambie Defender iikague flashi yote. Halafu fungua dirisha jeusi la amri na, ikiwa flashi yako imepewa herufi E, andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza kitufe cha kuingiza, usubiri. Amri hiyo huziondolea folda alama ya kufichwa, nazo zitatokea tena. Nakili vitu vyako kwenye kompyuta, futa vile vialama vya mshale, na sasa, baada ya kuvitoa vitu vyote, ifomati flashi ukitaka. Tofauti kati ya kumwokoa mwanafunzi aliyeandika kitabu chake cha kumaliza chuo na kumpotezea kazi ya mwaka mzima ni mstari mmoja huo. Uufundishe kwa wenzako hapo Muyinga, na umfundishe mwenye duka pia ikiwa atapenda.

Zamani flashi iliweza kujiwasha yenyewe mara tu ilipochomekwa, na virusi kama Conficker, vilivyotokea Novemba 2008, viliitumia sana njia hiyo. Februari 2011 Microsoft ilitoa kwa Windows za zamani sasisho la kuzuia flashi kujiwasha namna hiyo. Tangu hapo virusi vingi vya flashi vinahitaji mkono wa mtu avibofye. Ndiyo maana nakwambia jicho lako kwenye kile kimshale lina thamani kuliko antivirusi ya kununua.

Uwe na flashi mbili. Moja isiyotoka nje ya nyumba kamwe, nyingine ya kwenda kuchapia, isiyokuwa na kitu ila barua ya siku hiyo. Na pale inapowezekana usipeleke flashi kabisa. Mtumie mwenye duka faili la PDF kwa WhatsApp au barua pepe achape. Kile kinachokwenda upande mmoja tu hakikurudishii ugonjwa.

Masasisho nayo najua mnayazima. Bando ni ghali, na Windows ikianza kupakua asubuhi, mchana huna hata mega ya kumtumia mtu ujumbe. Sikulaumu kwa hilo. Lakini sikia yaliyotokea tarehe 12 Mei 2017. Virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea kwa siku chache katika nchi zaidi ya 150, vikafunga mafaili ya kompyuta zaidi ya laki mbili na kudai dola 300 kwa kila moja. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa nyumbani. Tundu vilimopitia lilikuwa limekwisha kuzibwa na sasisho la Microsoft la tarehe 14 Machi mwaka huohuo, karibu miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao sasisho hilo halikuwa limefika kwenye mashine zao.

Njia ya kati ipo. Kwenye mipangilio ya mtandao, iambie Windows kuwa muunganisho wako unapimwa, nayo itaacha kupakua vitu vikubwa bila idhini yako. Kisha mara moja kwa mwezi, ukiwa mahali penye mtandao wa bei nafuu au wa ofisi, uiruhusu ipakue yote. Orodha ya virusi vipya ya Defender inaweza pia kuchukuliwa peke yake kutoka tovuti ya Microsoft, faili linaloitwa mpam-fe.exe. Ni zaidi ya megabaiti mia moja, lakini ukilipakua kwa bando moja unaweza kulipeleka kwa flashi safi kwenye kompyuta zote za jirani, mradi liwekwe siku hiyohiyo kwa kuwa huchakaa upesi. Na mkiwa na kompyuta kadhaa katika mtandao wa nyumba moja, Windows ina mpango wa kuziruhusu zigawane sasisho, moja ipakue na nyingine zichukue kwake. Uwashe mpango huo kwa kompyuta za nyumbani peke yake.

Linabaki suala la umri wa Windows yenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa matunzo yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft ilitoa njia ya kujiandikisha kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, basi kama hujajiandikisha, fanya hivyo. Windows 11 kompyuta yako haitaikubali kwa kawaida, kwa sababu inadai prosesa na kipande cha usalama ambavyo mashine nyingi kuukuu hazina. Siku muda utakapokwisha, nitakushauri tuweke Linux Mint. Ni ya bure na ya halali, inakwenda vizuri kwenye mashine za umri huo, na LibreOffice iliyomo ndani yake inafungua barua zako na hesabu zako.

Hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako. Usikubali mtu akuwekee Windows au Office iliyovunjwa kufuli la leseni. Najua zimejaa kila mahali na najua sababu: leseni ni fedha ambayo mtu wa kawaida wa Muyinga hana. Lakini angalia jinsi programu za kuvunja kufuli zinavyoanza kazi. Kitu cha kwanza zinachokutaka ufanye ni kuzima antivirusi. Mgeni anayekutaka umfunge mbwa kabla hajaingia usimfungulie. Wengi waliozitumia wameibiwa maneno yao ya siri kupitia programu hizohizo, na siku hizi nenosiri la barua pepe linaweza kufungua akaunti zako nyingine nyingi.

Umeme huko kwenu nadhani haukatiki chini ya huku kwetu. Tulifurahi mwaka 2021 kituo cha jua cha Mubuga kilipoanza kutoa megawati 7.5 hapa mkoani Gitega, na kimesaidia, lakini taa bado huzimika bila kuaga. Kompyuta inapozimika katikati ya kuandika kwenye diski, faili hubaki nusu. Kama betri ya laptopu yako imekufa, betri mpya ina haki ya kutangulia hata SSD. Mashine ikizimika ghafla mara kwa mara, fungua lile dirisha la amri kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, itakuuliza kama ifanye kazi hiyo ikiwashwa tena, jibu O, yaani Oui. Ila kama diski inatoa sauti ya kugongagonga, usifanye hivyo. Diski inayogonga inakufa, na kuilazimisha ijichunguze ni kuimaliza. Nakili unachoweza kwanza. CrystalDiskInfo, programu ya bure kutoka Japani, husoma hali ya diski na kukuonyesha kwa rangi kama ni nzima au inahitaji kubadilishwa. Iangalie kila baada ya miezi michache.

Mvua zikianza kunguruma, chomoa waya ukutani. Na vumbi jekundu la kiangazi lipanguse kwenye matundu ya feni kwa brashi laini, mashine ikiwa imezimwa, maana joto nalo hupunguza kasi na watu wakadhani ni virusi.

Fundi wako usimdharau. Kijana anayefungua mashine za watu kwa bisibisi moja na kuzirudisha zikiwaka anastahili heshima. Ila ukimpelekea, mwulize kabla hajagusa: utafuta nini, utaweka nini, na hicho utakachoweka umekitoa wapi? Mwenye kujua kazi atajibu bila kukasirika. Na nenosiri lako la barua pepe usimwandikie; hakuna tengenezo la diski linalolihitaji.

Mafuta ya gari yakipatikana na magari ya njia ya Karuzi yakaanza kupita vizuri, njoo na diski ile ya pili uniachie. Lakini kunakili usikungojee safari, anza Ijumaa hii baada ya swala, kwa folda ya hati ya shamba. Ukimaliza, nitumie orodha ya majina ya mafaili yote niilinganishe na karatasi nilizo nazo hapa Gitega, mtaani Magarama. Diploma yako na vyeti vya wakubwa ninavyo. Cheti cha mdogo wako wa mwisho sina, na shangazi yako anasema kimeanza kuchanika kwenye kunjo. Hicho kipige picha kwanza, mchana, kwenye mwanga wa dirisha, kabla hujagusa kitu kingine chochote.